Kupwa na Kujaa: Msanii wa Chapa na Mandhari ya Pembezoni mwa Dar es Salaam

Sanaa ya chapa ni kazi ya kuondoa. Mchoraji wa rangi huongeza rangi juu ya turubai mpaka picha itimie. Msanii wa chapa huchukua kipande cha ubao, lino au bamba la shaba, akakikata na kukichimba, akapaka wino, kisha akagandamiza karatasi juu yake. Kinachotokea kwenye karatasi ni alama ya ule ubao na makovu yake yote. Ubao mmoja hutoa karatasi kumi, ishirini, hata hamsini, na kila karatasi huhesabiwa kuwa kazi halisi ya msanii, sawa na ile ya kwanza.

Jijini Dar es Salaam sanaa hii haina jina kubwa kama Tingatinga, ile michoro iliyoasisiwa na Edward Said Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960, wala haina soko kama vinyago vya mpingo pale Mwenge. Hata hivyo si mgeni wa jana. Mwaka 1972 Sista Jean Pruitt, mtawa wa shirika la Maryknoll, alianzisha Nyumba ya Sanaa ili vijana wenye vipaji wapate mahali pa kufanyia kazi na kuuzia. Mwaka 1983 Mwalimu Julius Nyerere alifungua jengo lake katikati ya jiji. Humo watu walifuma, walitia batiki, walichonga, walichora, na wengine walijifunza kuchimba mabamba ya chuma kwa tindikali na kuyachapa kwenye karatasi. George Lilanga, aliyezaliwa mkoani Lindi mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005, aliingia pale akiwa mchongaji, akatoka akiwa mtu wa kila nyenzo, chapa ikiwemo. Robino Ntila, aliyezaliwa mwaka 1953 kusini mwa nchi, ndiye aliyeshikamana na chapa za mabamba kiasi kwamba ukiitaja sanaa hiyo Tanzania, jina lake huja mapema.

Si ajabu kwamba wengi wa wasanii hao walitoka kusini. Mkono uliokwisha kuzoea patasi hauoni taabu kubwa kuhama kutoka kwenye gogo la mpingo kwenda kwenye ubao bapa. Mchongaji wa kinyago anajua tayari kwamba kilichokatwa hakirudi, na anajua kuusoma mti kabla ya kuugusa: nyuzi zake zinaelekea wapi, fundo liko wapi, na wapi patasi itateleza. Elimu hiyo ndiyo nusu ya uchapaji. Nusu ya pili ni kuamua nini kiachwe, na hapo ndipo mandhari inapoingia.

Chapa za Nyumba ya Sanaa zilijaa ngano, mila, wanyama na maisha ya kijijini. Zilikuwa kumbukumbu za watu waliohamia mjini. Lakini mji wenyewe ulikua, ukavuka Magomeni na Chang'ombe, ukafika Tegeta na Bunju upande mmoja, Mbagala na Chamazi upande mwingine. Kituo cha sanaa cha Nafasi, kilichoanzishwa mwaka 2008, kiko Mikocheni, katika Wilaya ya Kinondoni, kwenye eneo la viwanda vidogo, na karakana za wasanii humo ni makontena ya meli. Msanii anayetoka kwenye kontena lile hahitaji kusafiri mpaka Serengeti kutafuta maumbile. Kwa daladala moja au mbili anafika Kunduchi, na upande wa pili wa jiji anafika Mtoni. Mandhari ya pembezoni ina sifa ambayo mbuga haina: inaweza kurudiwa. Msanii huenda mahali palepale mara thelathini, asubuhi na jioni, masika na kiangazi, mpaka akajua mti upi huangusha majani lini. Uchapaji unahitaji ujuzi wa namna hiyo, kwa sababu mkato wa patasi haukubali kubahatisha.

Jina la Mikocheni lenyewe ni somo. Mkoche ni mti wa jamii ya mnazi na mvumo, mwenye majani yanayofunguka kama kipepeo cha kupulizia mkaa, na shina lake mara nyingi hugawanyika mara mbili, jambo ambalo minazi haifanyi. Majina ya mitaa ya Dar es Salaam yamejaa miti ya namna hii: Mwembechai, Mwembeyanga kule Temeke, Mbagala Mianzini, na Mabibo, ambalo ni jina la tunda la mkorosho. Mara nyingi mti wenyewe umekwisha kukatwa na jina ndilo limebaki kwenye ubao wa mbele wa daladala. Kwa msanii wa chapa orodha ya vituo vya basi inatosha kuwa orodha ya kazi za miaka kadhaa, na jani la mkoche, lenye mikunjo mikali inayotoka mahali pamoja na kutawanyika, ni umbo linalokubali patasi kuliko maumbo mengi.

Umbo linalokubali zaidi, hata hivyo, ni mikoko. Watu wa bara hutumia neno mikoko kwa msitu wote wa majini, lakini wenyeji wa pwani wanatofautisha. Mkoko hasa ndio ule wenye mizizi inayotoka juu ya shina na kupinda kama miguu ya buibui. Mchu hauna mizizi hiyo. Wenyewe huchomoza kutoka kwenye tope vijiti vyembamba vilivyosimama wima kama penseli, mamia kwa mamia, ili mizizi iliyozama ipate hewa. Msinzi una magoti. Mkandaa ni mfupi, na gome lake lilitumika tangu zamani kutia ngozi na kamba rangi nyekundu ya kahawia. Mliana hukaa mbele kabisa, baharini, pale ambapo miti mingine ingekufa. Mkomafi una tunda kubwa la mviringo ambalo likipasuka mbegu zake hazirudi kupangika kama zilivyokuwa. Kila mmoja una alama yake, na msanii asiyezijua tofauti hizi atachonga msitu mmoja wa kubuni, mwenyeji autazame na kujua mara moja kwamba aliyeuchonga hakukanyaga tope.

Kukanyaga tope kuna saa yake. Bahari ya Dar es Salaam hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji kupwa huzidi mita tatu, na maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo ni ndogo na mizizi mingi haionekani. Kwa hiyo msanii anayetaka kuchora mizizi ya mikoko ya Kunduchi hupanga kazi kwa mwezi, kama mvuvi na kama kina mama wanaookota chaza. Hushuka maji yakiwa yanapwa, akiwa na daftari, kalamu ya mkaa na ndala mkononi, maana tope humeza ndala. Ana saa mbili, labda tatu.

Anachokiona kwa karibu ni hiki. Mzizi mmoja wa mkoko una rangi tatu zilizopangwa na bahari. Juu, mahali maji yasipofika, ni kahawia kavu yenye vidoa vyeupe. Katikati pana mkanda wa chaza wadogo waliong'ang'ania, wenye kingo kali za kukata vidole. Chini ni weusi wa tope linalong'aa. Mikanda hiyo iko kimo kimoja kwenye kila mzizi, kana kwamba mtu amepiga mstari kwa rula msitu mzima. Juu ya tope, kaa dume wenye gando moja kubwa wanapunga gando hilo, kisha hatua ya mtu ikisikika wote wanaingia mashimoni kwa pamoja. Kutoka kwenye matawi zinaning'inia mbegu za mkoko, ndefu na za kijani, ambazo huanza kuota zikiwa bado mtini. Zikidondoka maji yakiwa yamepwa, nyingine hujichoma wima kwenye tope. Na chini ya jani la mchu, ukilipapasa, vidole hupata chembe za chumvi iliyotolewa na mti wenyewe.

Mambo yote hayo hayawezi kuingia kwenye chapa moja. Lino yenye upana wa sentimita 30 haibebi majani elfu kumi, na anayejaribu kuyachonga yote hupata doa la kijivu. Msanii mzuri hapo huchagua. Huenda akatupa majani yote na kubakiza mizizi na ule mkanda wa chaza, mizizi ikiwa nyeusi kabisa, tope likiwa jeupe. Au akageuza: tope liwe jeusi na vijiti vya mchu viwe mikato mifupi myeupe, kila kijiti pigo moja la patasi. Mgeuzo huo wa pili ndio unaostahili zaidi mandhari hii, kwa sababu patasi inapiga mamia ya mara kwa namna ileile mti unavyochomoza mamia ya mara, na jicho hutambua mdundo huo hata kabla halijatambua kwamba ni mizizi.

Mwanga nao una masharti. Dar es Salaam iko karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta, na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini hasa. Siku hizo mtu hukanyaga kivuli chake, na kila kitu huonekana bapa. Kwa mpiga picha ni saa mbaya, na kwa mchapaji pia. Lakini saa moja asubuhi, jua likitoka baharini nyuma ya kisiwa cha Mbudya, shina la mbuyu linagawanyika mara mbili: upande mmoja mweupe, upande mmoja mweusi, na katikati hakuna kitu. Mibuyu ya Kunduchi imesimama kati ya magofu ya msikiti na makaburi ya kale yenye nguzo, ambazo ziliwahi kupambwa kwa bakuli za Kichina zilizokazwa kwenye chokaa. Gome la mbuyu lina mikunjo, mashimo ya vigingi vya watu waliopanda zamani, na makovu ya waliochuna nyuzi za kusokota kamba. Mti wenyewe umekwisha kuchongwa. Kazi ya msanii ni kufuata mikato iliyopo.

Kuna jambo dogo linalowasumbua wanaoanza. Chapa hugeuza picha, kulia kuwa kushoto. Anayesimama ufukweni Kunduchi akitazama kaskazini ana bahari mkono wa kulia. Akichonga kama alivyoona, karatasi itaweka bahari kushoto, na mvuvi wa Kunduchi atauliza pwani hiyo ni ya wapi. Ngalawa haina shida, maana ina matengo pande zote mbili na ikigeuzwa bado ni ngalawa. Maandishi yana shida kubwa, ndiyo maana mchapaji anayetaka kuweka jina la chombo hujifunza kuandika kinyumenyume. Njia ya kawaida ni kuchora kwenye karatasi nyepesi, kuigeuza, na kunakili mistari kwa upande wa nyuma kabla ya kushika patasi.

Upande wa Temeke mandhari ni nyingine. Mito ya Kizinga na Mzinga inashuka kutoka kwenye miinuko ya kusini magharibi na kuingia kwenye mkono wa bahari ulio nyuma ya bandari, na mikoko imesimama kwenye midomo yake, Mtoni na Kijichi, ikiwa na kreni za bandari kwa mbali. Hakuna ufukwe mweupe wala hoteli. Kuna tope, kuna mitumbwi, kuna mabonde ya mchicha na matembele, na kuna nyumba zilizoshuka mpaka ukingoni mwa maji. Ukipanda kuelekea Mbagala, mikorosho na miembe ya mashamba ya zamani imebaki mmojammoja katikati ya mabati. Wasanii wengi huipita sehemu hii kwa sababu si nzuri kwa maana ya kadi ya posta. Hilo ni kosa. Chapa ya nyeusi na nyeupe haihitaji bahari ya bluu. Inahitaji mistari inayogongana, na hapa ipo tele: mawimbi ya bati dhidi ya matawi ya mwembe, nyaya za umeme dhidi ya makuti, na kunguru juu ya vyote. Kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea pwani yote, anachukiwa na wafugaji wa kuku kwa haki kabisa, lakini shingo yake ya kijivu na mwili mweusi ni rangi mbili tu, na mdomo wake ni mkato mmoja.

Na jiwe pia ni sehemu ya mandhari. Kilima cha Wazo, nyuma ya Tegeta, kinachimbwa chokaa ya saruji tangu miaka ya 1960, na kule Kunduchi Mtongani watu, wengi wao wanawake, wamekuwa wakiponda mawe kwa nyundo kuwa kokoto. Ukuta wa machimbo unaonyesha tabaka za matumbawe ya kale, mstari juu ya mstari, za wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Hapa mandhari na sanaa zinatumia tendo moja, la kukata, na picha ya machimbo inayochongwa kwenye ubao ina uzito ambao picha ya rangi huupata kwa shida.

Hali ya hewa ya pwani inaamua mengi katika karakana. Lino, inayotengenezwa kwa mafuta ya kitani na unga wa magome ya mti wa koki, huwa ngumu kwenye baridi, na wachapaji wa Ulaya huipasha kwa pasi ndipo patasi ipite. Dar es Salaam inatosha kuianika juani dakika chache. Faida hiyo inarudishwa wakati wa masika: wino wa mafuta unaokauka kwa siku mbili tatu mwezi wa Julai unaweza kukaa wiki nzima bila kukauka mwezi wa Aprili, na karatasi hunywa unyevu wa hewa, ikajikunja na kubadili ukubwa. Chapa ya rangi nyingi huathirika zaidi, kwa sababu karatasi iliyotanuka milimita moja kati ya rangi ya kwanza na ya pili haikubali tena kulala mahali pake. Wengi kwa hiyo huchapa nyeusi pekee wakati wa mvua na kungoja upepo wa kusi ukauke kwa kazi za rangi.

Vifaa si kikwazo kikubwa kama inavyodhaniwa. Mashine ya kuchapia yenye rola mbili za chuma ni ghali na chache, na chapa za bamba la shaba haziwezekani bila hiyo, kwa sababu karatasi lazima isukumwe mpaka ndani ya mifereji iliyochimbwa ikaunyonye wino. Chapa ya ubao ni nyepesi. Wino hukaa juu, kwenye sehemu zilizoachwa, na mgongo wa kijiko ukisuguliwa kwa subira nyuma ya karatasi hufanya kazi yote. Ubao wenyewe hupatikana kwa seremala: masalia ya mninga, vipande vya plaiwudi, mlango wa kabati uliotupwa. Mikoko yenyewe haikatwi kwa kazi hii. Ni hifadhi ya Serikali, na kuikata bila kibali ni kosa. Plaiwudi ya bei rahisi ina nyuzi za wazi, na ukiupiga ubao kwa brashi ya waya kabla ya kuchonga, nyuzi laini hutoka na ngumu hubaki, kisha ukichapa hutokea mistari mirefu ya mawimbi isiyochongwa na mtu. Katika picha ya bahari iliyopwa, mistari hiyo ndiyo maji.

Njia hii ya kuuacha mti useme ina ndugu zake mbali na karibu. Katsushika Hokusai wa Japani alitoa chapa yake maarufu ya wimbi kubwa mnamo mwaka 1831, na pale pia maumbile ya karibu, bahari na mlima Fuji, yalirudiwa katika picha baada ya picha. Wavuvi wa Kijapani katika karne hiyohiyo walianza kupaka samaki wino na kumgandamiza kwenye karatasi ili kuweka kumbukumbu ya ukubwa wake. Samaki kama changu au pono wa soko la Kunduchi, mwenye magamba makubwa, angetoa chapa safi kwa njia hiyo. Afrika Mashariki, Fred Mutebi wa Uganda amejulikana kwa chapa za rangi nyingi zinazotoka kwenye ubao mmoja tu: huchapa rangi ya kwanza, hukata tena ubao uleule, huchapa ya pili, na kuendelea hivyo mpaka ubao unakaribia kwisha. Mutebi huyohuyo amefanya kazi kubwa na nguo ya gome la mutuba, ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2005, hivyo kwake mti ni picha na pia ni karatasi. Jijini Nairobi, Peterson Kamwathi amechonga mafahali kwenye mbao kwa ukubwa unaomkabili mtazamaji, akiwatumia kusema habari za watu na mamlaka.

Njia ya Mutebi ya kumaliza ubao inafaa sana mikoko ya Kunduchi, kwa sababu bahari yenyewe inafanya hivyo. Rangi ya kwanza huwa nyepesi, rangi ya mchanga asubuhi, na ubao bado mzima isipokuwa mbingu. Karatasi zote za toleo huchapwa hapohapo, ishirini kwa mfano, kwa sababu hakutakuwa na nafasi ya kurudi. Kisha mchanga hukatwa, na rangi ya pili, kijani cha majani, hulala juu ya ile ya kwanza. Kisha majani hukatwa. Kinachobaki kwenye ubao kwa rangi ya mwisho ni mizizi na kile kivuli chake kwenye tope, nyeusi. Ikiwa karatasi tatu zimeharibika njiani, toleo limekuwa la karatasi kumi na saba, na hakuna la kufanya.

Zikikauka, msanii huandika kwa penseli chini ya kila picha: upande wa kushoto namba, 1/17, 2/17, na kuendelea, katikati jina la kazi, kulia sahihi yake. Penseli hutumika kwa sababu inazama kwenye karatasi na haiwezi kuchapwa na mashine bila kujulikana. Ubao uliobaki, wenye mizizi peke yake, hupigwa mkato mmoja wa patasi kutoka pembe hadi pembe ili usitoe picha nyingine, na mara nyingi hutundikwa ukutani, wino mweusi ukiwa bado kwenye nyuzi zake.